Somo: kujenga tanuri la vyungu nyumbani na kulichoma bila hasara

Huku kwetu Kyela vyungu tunavyovijua ni vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, wanaochomea uwanjani bila tanuri. Nami nilianza hivyo hivyo, lakini upepo wa ziwani ukawa unanipasulia kazi. Mwaka 2014 nikajenga tanuri. Ninalotumia sasa ni la tatu.

La kwanza nililijenga kwa saruji. Msijaribu: saruji ikipata moto mkali hugeuka unga. Jengea tope la mfinyanzi lenye mchanga.

Hatua ya 1. Fyatua matofali ya udongo na pumba za mpunga, nusu kwa nusu. Pumba zikiungua huacha vitundu vinavyozuia joto lisipotee. Tanuri langu la pili halikuwa na pumba, likala kuni kupita kiasi.

Hatua ya 2. Jenga duara, upana wa ndani sentimita 80, kimo mita 1. Chini mdomo wa moto, juu yake sakafu yenye matundu. Panga vyungu, funika kwa vigae.

Hatua ya 3, na hapa ndipo tunapolia. Moto mdogo, kwa muda wa saa tatu au nne, kuni mbili tu mdomoni. Shika kipande cha kioo juu ya vigae: kikishika ukungu, maji bado yamo. Mara ya kwanza niliharakisha. Nikasikia pa! pa! kama bisi, vyungu 19 kati ya 30 vikaenda. Ukungu ukiisha, chochea. Vyungu vitajaa masizi, kisha masizi yataungua yenyewe. Ukichungulia ukaona rangi ya chungwa, ziba mdomo, kalale. Fungua kesho yake.

Maswali

Mkuu, pumba sipati. Maranda yanafaa?
Yanafaa, ila yachekeche. Vipande vikubwa huacha mashimo, tofali likavunjika.

Kwa nini nisifungue usiku uleule?
Kwenye nyuzi 573 chembe za mchanga zilizomo kwenye udongo hubadilika ukubwa ghafla. Upepo baridi ukiingia hapo, chungu kinapasuka. Subiri mpaka mkono uweze kugusa.

Shikamoo mzee. Vyangu vinapasuka hata kabla ya moto, kivulini.
Marahaba mwanangu. Udongo wako unanata mno. Twanga vigae, chekecha, changanya kipimo kimoja kwa vitano vya udongo. Vile 19 vyangu nilivitwanga vyote, vikaingia kwenye vyungu vilivyofuata.