Andika na sababu pia: jinsi ya kutunza maamuzi kwenye mradi wa programu huria

Mradi wetu tulikua watu wanne tu na kila kitu tulikua tunaamulia kwenye grupu la WhatsApp, usiku usiku. Baada ya mwaka akaja dogo mpya akauliza mbona mnatumia SQLite na sio PostgreSQL (zote za kutunza data, ya kwanza ni faili tu, ya pili inataka seva), tukabaki tunaangaliana, aliyeamua alishabadilisha simu meseji zote hana, basi wiki nzima tukabishana upya kitu tulishakimaliza.

Dawa yake iko hivi. Humohumo kwenye repo, yaani hifadhi ya kodi ya mradi, fungua folda iite maamuzi, kila uamuzi mkubwa na faili lake lenye namba, 0001, 0002, na namba hairudiwi. Mtindo huu mtaalamu wa programu Michael Nygard aliuelezea 2011, una sehemu tano: kichwa, hali, mazingira, uamuzi na matokeo. La kwetu lilikua hivi:

0004. Kutumia SQLite
Hali: umekubaliwa
Mazingira: programu inakaa kwenye laptop moja ya dukani, intaneti inakatika, hamna mtu wa kuangalia seva.
Uamuzi: data zote kwenye faili moja la SQLite.
Matokeo: bekapu rahisi, ila wakiandika wawili kwa mpigo mmoja anasubiri.

Hapo kwenye matokeo andika na ubaya wake, usijipambe. Na mlivyovikataa pia viandikwe, wengi wanaruka hapa. Wenzetu wa lugha ya Python wana mapendekezo yao wanayaita PEP, na hata yaliyokataliwa yapo mpaka leo unayasoma, mtu akija na wazo lilelile anapewa linki tu, hamna kelele.

Mkibadili mawazo msifute faili la zamani jamani, badilisha hali tu: umebatilishwa na 0011.

Utaratibu nao uandikwe, faili moja linatosha: nani anaruhusiwa kumerji (kuingiza badiliko kwenye kodi kuu), na pendekezo linakaa siku ngapi. Apache, jumuiya kubwa ya miradi huria, kura zao kwa kawaida zinaachwa wazi angalau saa 72, maana watu wanajitolea, kuna wa usiku na kuna wa wikendi. Mkiongea kwa simu sawa, ila mlichokubaliana kirudi kwenye maandishi wengine wakione kabla hakijapita.

Sisi mwanzoni tulikua tunasahau, mpaka tukaweka sheria badiliko kubwa haliingii bila faili lake. Kuna mmoja alinuna kweli, baadae akaandika mistari sita, tukamerji.