Fokasi ya mkono au ya kamera: namna ninavyoamua nikiwa kazini Mtwara na Lindi

Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilipiga harusi moja Lindi mjini. Bi harusi alitoka ndani amefunikwa mtandio mweupe wenye lulu ndogo ndogo, nami kamera nilikuwa nimeiachia ifanye kila kitu. Nilipofika nyumbani na kuzikuza picha kwenye kompyuta, lulu zilionekana moja moja, mpaka uzi uliozishona. Macho ya bi harusi yalikuwa ukungu mtupu. Picha kumi na mbili za tukio lile, na zote ziko hivyo.

Kamera ilikuwa nzima na lenzi nzima. Otofokasi (kamera inapojitafutia yenyewe ukali wa picha) hutafuta kingo, yaani mahali ambapo mwanga na giza vinapakana kwa ukali, na mara nyingi hukishika kilicho karibu zaidi. Lulu zilikuwa karibu na zilikuwa na kingo. Kamera haikuwa na namna ya kujua kwamba nimekuja kwa ajili ya macho. Tangu siku ile, kabla sijabonyeza shata, kile kitufe cha kupigia picha, najiuliza: je, ninachokitaka ndicho ambacho kamera itakiona kwanza? Kama ndiyo, naiachia. Kama siyo, nazungusha pete ya lenzi mwenyewe. Hatua zote zinazofuata zimetokana na swali hilo.

Hatua ya 1: Rekebisha kitundu cha kutazamia

Kando ya kitundu unachochungulia kuna kigurudumu kidogo ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Elekeza kamera ukutani au angani, usitazame picha, tazama namba na nukta zilizo ndani ya kitundu. Zungusha kigurudumu mpaka namba zikae wazi kabisa. Kama huvaa miwani kazini, fanya hivyo ukiwa umeivaa. Usipofanya hivi, fokasi ya mkono utaionea bure, kwa sababu jicho lako litakuwa linakudanganya kila unapozungusha pete.

Hatua ya 2: Ijue lenzi yako kabla ya kuilazimisha

Lenzi nyingi zina swichi ya AF na MF ubavuni. AF ni kamera, MF ni mkono. Kwenye baadhi ya kamera za kisasa zisizo na kioo cha ndani, lenzi haina swichi, na utaikuta kwenye menyu.

Lenzi za bei nafuu zenye mota ndogo, kama zile za 18-55mm za zamani zinazokuja na kamera, usizungushe pete yake swichi ikiwa kwenye AF. Unasaga meno ya ndani. Nimeona lenzi kadhaa zimekufa hivyo mikononi mwa watu waliodhani zimekwama tu.

Lenzi kama Canon 50mm f/1.8 STM ina kinyume chake: pete haisukumi vioo moja kwa moja, inatuma amri kwa umeme. Kamera ikiwa imezimwa au imesinzia, utazungusha mpaka uchoke na hakuna kitakachosogea. Bonyeza shata nusu kuiamsha kwanza.

Na wanaonunua Nikon za mtumba wasikilize hapa. Kamera za daraja la D3000 na D5000, pamoja na ndugu zake kama D3100 na D5300, hazina mota ya fokasi ndani ya bodi. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota yake yenyewe, otofokasi haipo. Tafuta lenzi zilizoandikwa AF-S; za AF-P hazifokasi kwenye baadhi ya kamera hizi, kama D3100. Muuzaji akikwambia "inaingia", ni kweli inaingia, lakini utafokasi kwa mkono maisha yako yote.

Hatua ya 3: Anza na kamera, lakini nukta chagua wewe

Sehemu kubwa ya kazi zangu bado ni otofokasi, wala sioni aibu. Fokasi ya mkono si cheo cha ufundi. Kamera ya kwanza ndogo ya kuuzwa kwa wingi ikiwa na otofokasi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977, na Minolta 7000 ya mwaka 1985 ndiyo iliyoweka mfumo huo ndani ya bodi ya kamera ya kubadilisha lenzi na watu wakaununua. Zana hii imekomaa. Itumie.

Kosa liko kwenye kuacha nukta zote za fokasi ziwake na kamera ijichagulie. Weka nukta moja tu. Mtu akiwa ametulia, tumia hali ya AF-S, ya kufokasi mara moja na kubaki hapo (si ile AF-S ya jina la lenzi), ambayo kwenye Canon inaandikwa ONE SHOT. Weka nukta juu ya jicho lililo karibu nawe, bonyeza shata nusu, subiri kitone au mlio wa kukubali, kisha malizia. Kama kamera yako inatambua macho yenyewe, washa kipengele hicho kwa picha za watu na ushukuru.

Jihadhari na mazoea ya kufokasi kwa nukta ya katikati kisha kuhamisha kamera ili upange picha. Ukiwa f/8, yaani tundu la lenzi likiwa dogo, hutaona tofauti. Ukiwa na lenzi ya 50mm kwa f/1.8, tundu likiwa wazi kabisa, umbali wa mita 1, kwenye kamera zetu nyingi zenye sensa (sehemu inayopokea mwanga) ya ukubwa wa APS-C, eneo linalokaa kwenye fokasi lina kina cha sentimita 2 na nusu tu, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Ukiyumba kidogo, jicho limetoka na sikio limeingia.

Hatua ya 4: Kinachotembea, mwachie kamera

Nenda Mtwara alfajiri, kwenye kivuko cha kwenda Msangamkuu. Watu wanashuka na ndoo, baiskeli, kuku, mama na mtoto mgongoni, kila mmoja anakuja kwako kwa mwendo wake. Hapo mkono hauwezi kushindana na kamera. Weka AF-C, hali ya kufuata kinachosogea, kwenye Canon AI SERVO, nukta moja au kundi dogo la nukta, shikilia shata nusu huku ukimfuata mtu wako, piga tatu au nne mfululizo. Ngalawa inayokuja ufukweni, vijana wanaocheza mpira mchangani, mchezaji wa ngoma ya sindimba anayekusogelea: vyote ni vya AF-C.

Ukizoea, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma cha AF-ON, au kitufe cha nyota kwa kamera ndogo za Canon, ili shata ibaki na kazi ya kupiga tu. Ukishikilia kitufe, kamera inafuata. Ukikiachia, fokasi inabaki palepale kana kwamba uko MF. Unapata hali zote mbili kwenye kidole gumba. Kwangu hilo ndilo badiliko moja lililonipunguzia picha mbovu kuliko lenzi yoyote niliyonunua.

Hatua ya 5: Zitambue dalili za kuinyang'anya kamera fokasi

Dalili ya kwanza utaisikia. Lenzi inakwenda mbele, inarudi nyuma, vruu, vruu, haitulii. Imekosa kingo za kushika.

Mfano wa huku kwetu ni wakati wa kupuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho, miezi ile ya kiangazi maua yanapotoka. Mkulima anatembea na mashine mgongoni, wingu la vumbi la njano linafunika matawi, na sura yake inapotea na kurudi. Vumbi limekula tofauti ya mwanga na giza, kwa hiyo kamera inahangaika. Mimi huweka fokasi kwenye shina la mkorosho atakaopita kando yake, nahamia MF, nasimama upande unakotoka upepo, barakoa usoni, namsubiri afike hapo. Salfa inawasha macho na inaingia kwenye pete za lenzi, kwa hiyo usibadilishe lenzi shambani, na ukitoka futa bodi kwa brashi kabla ya kitambaa.

Dalili ya pili ni kitu kilicho katikati yenu: majani, nyavu zilizoanikwa, nondo za dirisha, mtandio wa bi harusi. Ukiwa na nukta ndogo na tundu la kupenyeza, kamera inaweza kupita. Ikikosa mara mbili, usiibembeleze mara ya tatu. Peleka MF.

Tatu ni giza. Ngoma ya usiku yenye taa moja, au ndani ya nyumba za zamani za Mikindani ambako mwanga unaingia kwa mlango tu. Kamera nyingi zitawasha taa yao ndogo ya kusaidia fokasi, na taa hiyo ikimpiga mzee usoni umeshaharibu ulichokuja kukipiga. Izime kwenye menyu.

Ya nne ni ukaribu. Kila lenzi ina umbali wa chini isiouvuka. Ile 50mm STM ni sentimita 35. Ukisogelea ua la korosho zaidi ya hapo, si kamera wala mkono utakaokuokoa. Rudi nyuma.

Hatua ya 6: Namna ya kufokasi kwa mkono, palepale kwenye karakana

Nitaieleza kwa mpingo, kwa sababu mpingo ndio ulionifundisha.

Fundi wa vinyago amekaa chini, miguu ameinyoosha, gogo amelibana kwa nyayo. Ametoa sura ya kwanza na ya pili kwenye nguzo ya ujamaa, watu juu ya watu, na sasa anachonga mtoto anayeshika bega la mama. Mpingo ukishapigwa msasa unakuwa mweusi unaong'aa, mweusi juu ya mweusi, na kamera haioni pa kushika. Lakini ubavuni fundi ameacha kipande cha sehemu ya nje ya mti, ile ya njano hafifu. Mpaka kati ya njano na nyeusi ni kingo kali, na otofokasi itakimbilia hapo kila mara, sentimita kumi nyuma ya sura unayoitaka.

Basi fanya hivi. Swichi MF. Badala ya kitundu, tazama kwa skrini ya nyuma, halafu bonyeza kitufe cha kukuza mara 5, kisha mara 10, ukiwa juu ya jicho la yule mtoto wa mpingo. Zungusha pete polepole mpaka alama za patasi kwenye kope zionekane kali. Usisimame hapo. Pitiliza kidogo mpaka zianze kufifia, kisha rudi, kisha pitiliza upande wa pili, kila safari ukifupisha mwendo. Utakapotulia katikati ndipo penyewe. Anayesimama kwenye ukali wa kwanza anaouona huwa hajafika.

Kamera ikiwa mkononi bila stendi, ukishaipata fokasi usiiguse tena pete. Mwili wako utayumba, hilo haliepukiki. Badala ya kuzungusha, sogea mbele na nyuma kwa kiuno, taratibu kama mtu anayebembeleza mtoto, na upige jicho linapoingia. Kama kamera yako ina alama za rangi zinazowaka kwenye kingo zilizo ndani ya fokasi, ziwashe, lakini kwa f/1.8 zisikutoshe peke yake, maana huwaka hata kabla hujafika kabisa.

Ukitaka usalama funga tundu la lenzi mpaka f/8. Kwa mita 1 ile ile, sentimita 2 na nusu zinakuwa kama 12, na mama na mtoto wanakaa pamoja. Mimi kwa vinyago hupenda f/4.

Na mikono ya fundi? Wengi huikimbiza patasi kwa otofokasi. Tazama kwanza. Patasi inapanda, inashuka, inarudi palepale, mara hamsini bila kuhama. Fokasi pale inapogusa mti, acha MF, na upige kwa kusikiliza mlio wa nyundo.

Hatua ya 7: Pima umbali mapema, usahau fokasi

Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu, nguzo na matao yanarudi nyuma mstari kwa mstari, na unataka yote yaonekane. Lenzi ikiwa 18mm kwenye APS-C na tundu f/8, fokasi kitu kilicho mita 2 hivi kutoka ulipo kwa otofokasi, kisha peleka swichi MF. Kuanzia kama mita 1 mbele yako mpaka mwisho wa macho kutakuwa wazi vya kutosha. Tembea nayo hivyo magofuni saa nzima. Usiguse pete ya kukuzia, ukiigusa hesabu imevunjika.

Nyota za usiku kwenye ufukwe wa Msimbati zinataka mkono pia. Usiamini kuzungusha pete mpaka mwisho, kwa sababu lenzi nyingi hupitiliza. Kamera kwenye stendi, kuza nyota moja yenye mwanga kwenye skrini mara 10, zungusha mpaka iwe nukta ndogo kabisa, kisha bandika pete kwa kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi.

Kwa mwenye simu tu: bonyeza na ushikilie kidole juu ya unachokitaka mpaka fokasi ifungwe, na kwenye simu zenye hali ya Pro utakuta kitelezi cha MF.

Hatua ya 8: Kabla ya kufunga begi

Rudisha swichi AF, rudisha kukuza kwa skrini kuwa kawaida, bandua utepe kwenye pete, washa tena taa ya fokasi kama kesho una kazi ya ukumbini. Asubuhi moja nilitoka karakana kwenda moja kwa moja kivukoni, nikapiga watu wakishuka dakika ishirini nzima. Swichi ilikuwa bado MF, fokasi imekaa kwenye umbali wa kinyago. Kivuko kinachofuata nilikisubiri juani, na wale watu wa kwanza walikuwa wameshafika sokoni.