Namna ya Kulipata Bonde la Ela kwenye Ramani ya Leo

Juzi nilikaa na mwinjilisti wa mtaa wetu anayeandaa somo la Daudi na Goliathi, waliopigana katika Bonde la Ela. Tulivyofanya ni hivi.

Hatua ya 1. Soma 1 Samweli 17, uandike kila jina la mahali. Bonde liache kwanza, tafuta miji. Miji huacha magofu.

Hatua ya 2. Fungua Google Earth, weka alama Tel Azeka, kusini-magharibi mwa Yerusalemu. Ndiyo Azeka ya sura hiyo.

Hatua ya 3. Mji wa Soko. Hapa usikimbie. Mimi mwenyewe palinilia jioni mbili. Jina la Kiarabu, Shuweikeh, limelihifadhi jina la Soko, na hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba Shuweikeh ziko tatu! Moja iko kaskazini, karibu na Tulkarm (Soko ya 1 Wafalme 4:10). Ya pili iko milimani, kusini-magharibi mwa Hebroni (Yoshua 15:48). Ya tatu iko kwenye vilima vya chini (Yoshua 15:35), na ndiyo tunayoitaka. Mimi niliweka alama ile ya Hebroni, nikawa nalazimisha bonde lipande milima. Pima umbali: kutoka Azeka hadi Soko sahihi ni kama kilomita 4 tu, na Yoshua anaitaja miji hiyo miwili kwa kufuatana. Eusebio, mwanahistoria wa Kanisa wa karne ya 4, naye aliiweka Soko kwenye maili ya 9 ukitoka Eleutheropoli, yaani Beit Guvrin ya leo, kuelekea Yerusalemu. Usiamini alama ya Soko kabla hujapima. Ramani za nyuma ya Biblia hazitakusaidia hapa, ni ndogo mno.

Hatua ya 4. Bonde linalopita chini ya alama zako mbili ndilo. Kiebrania ni Emek HaEla. Kwenye ramani za zamani tafuta Wadi es-Sunt, bonde la migunga. Edward Robinson, mtaalamu wa Biblia kutoka Marekani, alilitambua mwaka 1838.

Hatua ya 5. Inamisha picha, simama Soko, tazama kaskazini ng'ambo ya kijito. Utaona ukuta wa mviringo juu ya kilima: Khirbet Qeiyafa, ngome iliyochimbwa kuanzia 2007 hadi 2013. Ina malango mawili, ndiyo maana Yosef Garfinkel, mwanaakiolojia aliyeichimba, anaiita Shaaraimu, mji wa 1 Samweli 17:52 ambao jina lake ni "malango mawili". Wapo wataalamu wanaopinga, kwa hiyo usiifundishe kama jambo lililokwisha.

Wafilisti wapange upande wa kusini, kati ya Soko na Azeka; Israeli kaskazini. Mwinjilisti alipofika hapo aliweka kidole kwenye kioo, akafuata mkondo wa kijito taratibu, akaniuliza, "Yale mawe matano, aliyaokota humu?"

Humu humu, mwinjilisti.