Vitamini D baada ya operesheni ya tumbo: soma kipimo vizuri

Ndugu wa Lubumbashi mliofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito, iwe Afrika Kusini au India: majibu ya vitamini D yakitoka, tazameni kilichoandikwa pembeni ya namba. Maabara nyingine hutumia ng/mL, nyingine nmol/L. 30 ya kwanza ni sawa na 75 ya pili. Kwa hiyo 40 nmol/L ni 16 ng/mL tu, iko chini, hata kama namba inapendeza macho.

Lengo la kawaida ni kupita 30 ng/mL. Wengi huanzishiwa UI (vizio vya kimataifa) 3,000 za vitamini D3 kila siku (kopo likiandika mikrogramu, hizo ni 75). Imezeni pamoja na chakula chenye mafuta. Sombe ya mawese inafaa kabisa. Kalsiamu iwe ya sitrati, na ipishane na vidonge vya chuma kwa saa mbili.

Ile ampuli ya UI 100,000 msijinunulie farmasi bila daktari. Vitamini hii hujilimbikiza mwilini, na ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu. Dozi ikibadilishwa, pimeni tena baada ya miezi kama mitatu. Kabla ya hapo ni kupoteza pesa.