API 510 kwa walio Ghuba wanaowaza kurudi Uganda

Mafundi na wakaguzi wetu walioko Doha, Abu Dhabi na Jubail huuliza: mtihani wa ukaguzi wa mitungi ya presha, API 510, niufanye huku au nisubiri nirudi Uganda? Kamilisha maombi ukiwa bado kazini huko. Kinachowakwamisha wengi ni karatasi.

API, taasisi ya petroli ya Marekani, hupima elimu pamoja na uzoefu. Mwenye shahada ya uhandisi anahitaji mwaka 1 wa kazi ya ukaguzi, mwenye stashahada ya miaka miwili anahitaji miaka 2, aliyemaliza sekondari 3, na asiye na cheti chochote 5. Uzoefu huo uwe wa ndani ya miaka 10 iliyopita, na athibitishe mwajiri. Ukishatua Entebbe, msimamizi aliyekujua huenda naye amehama kampuni, na barua pepe zako hazina wa kuzijibu. Ondoka na barua inayotaja ulichokagua: mitungi, vibadilisha joto, vali za usalama. Barua ya "alikuwa fundi hodari" haikusaidii kitu.

Angalia na jina. Waganda wengi tuna jina la ukoo linalotangulia hapa na kufuata pale, na kitambulisho cha Ghuba hulivuruga zaidi. Jaza fomu kama pasipoti inavyosema, maana mlangoni pa chumba cha mtihani watalinganisha.

Mtihani hufanyika kwa misimu mitatu kwa mwaka: Januari, Mei na Septemba. Januari inavutia kwa sababu ya likizo ya Krismasi, lakini usijidanganye kwamba utasoma kijijini. Kwanjula ya binamu, yaani sherehe ya kutambulishwa ukweni, haijui API. Kama lazima ufanye Januari, njoo ukiwa umeshamaliza kusoma.

Maswali ni 170, yanayohesabiwa 140; mengine 30 ni ya majaribio na huwezi kuyatambua. Sehemu ya kwanza, maswali 110 kwa saa 2 na dakika 45, hufungui kitabu. Ya pili ni maswali 60 kwa saa 3 na dakika 45, na nyaraka unazisoma kwenye skrini. Vitabu vyako vilivyojaa vibandiko vya rangi vinabaki nje, kwa hiyo zoea mapema kutafuta kwenye PDF.

Wazoefu huangukia sehemu ya kwanza, kwa kujibu walivyozoea kazini. Mfano: nani huidhinisha mtungi ubadilishwe muundo? Kwenye mtambo labda meneja alisema "endelea" na kazi ikaendelea. Kanuni ya API 510 inataka idhini ya mkaguzi kabla kazi haijaanza, naye haruhusiwi kuitoa mpaka mhandisi ameidhinisha pia.

Hesabu nazo zina mitego. Chuma kilianza na milimita 12, baada ya miaka 6 kimebaki 10.8, na unene wa chini unaotakiwa ni 8.4. Kutu inakula 0.2 kwa mwaka, zimebaki 2.4, basi maisha ni miaka 12. Muda kati ya ukaguzi wa ndani mmoja na mwingine usizidi nusu ya maisha hayo au miaka 10, kilicho kidogo: hapa ni 6. Anayekimbilia 10 amepoteza alama. Lakini maisha yakiwa chini ya miaka 4, nusu haitumiki tena. Unaweza kuchukua maisha yote yaliyobaki, mradi yasizidi miaka 2.

Baada ya kitabu cha kanuni cha API 510 chenyewe, wekeza muda kwenye RP 571, mwongozo wa API wa aina za uharibifu, na ASME Section IX, kanuni ya uchomeleaji, kwa sababu utapewa utaratibu wa uchomeleaji na rekodi yake ya majaribio uvikosoe. Hapo wachomeleaji wa zamani wana faida.

Ukirudi, jiandikishe kwenye rejesta ya vipaji ya Mamlaka ya Petroli Uganda. Miradi ya mafuta ya Tilenga na Kingfisher, na bomba la mafuta la kilomita 1,443 kwenda Tanga, vyote vina mitungi. Ila cheti hiki si leseni ya serikali. Ukaguzi wa kisheria wa boila na mitungi uko chini ya sheria ya usalama kazini ya 2006, inayosimamiwa na wizara ya kazi. Uliza huko kabla hujaweka saini kwenye ripoti ya mteja. Cheti chenyewe hudumu miaka 3, kisha unakihuisha.