Jinsi ya kujua kama Lotus Cortina Mk1 ni orijino au ni Cortina ya kawaida iliyopigwa rangi

Umeona Ford Cortina nyeupe ya zamani ina mstari wa kijani ubavuni, muuzaji wa huko Uingereza anakuapia kabisa ni Lotus? Tulia kwanza. Rangi haithibitishi kitu, nipe makopo mawili na wikiendi moja nakutengenezea na mimi ya kwako.

Hii gari ilitokana na mbio. Walter Hayes wa Ford alimfuata Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, na ili ikubalike kwenye mashindano ilibidi zitengenezwe 1,000, basi kuanzia 1963 Ford wakawa wanapeleka bodi za milango miwili kiwandani kwa Lotus, Cheshunt, na kila kitu Lotus walichobadilisha kiliacha alama, ndo hizo unazoenda kuzitafuta.

Anza na buti, usianze na injini. Injini ya Lotus yenye kamshafti mbili juu, cc 1,558, inahamishika, leo iko huku kesho iko kule. Kwenye buti angalia betri ipo humo, maana waliitoa mbele, halafu kwa zile za mwanzo tafuta mabomba ya kuimarisha bodi yanayotoka juu ya matairi kushuka kwenye sakafu. Yaliwekwa sababu nyuma walifunga koili springi na mkono wenye umbo la A ulioshika difu, na huo mkono uliwatesa watu jamani, ulikuwa unalegeza bolti za difu, oili inavuja, inadondokea bushi, bushi zinakwisha. 1965 wakasalimu amri wakarudisha springi za bapa. Kwa hiyo ukiambiwa ni ya 1963 halafu chini unakuta za bapa, uliza nani alibadilisha na lini. Si lazima iwe feki, huenda mwenyewe alichoka tu.

Beba na sumaku. Za mwanzo zilikuwa na boneti, milango na mfuniko wa buti wa alumini, sumaku haigandi. Ikiganda mlango mmoja tu, labda iligongwa zamani.

Namba ya chasisi: za usukani wa kulia zinaanza na BA74. Angalia bati lenyewe halijachomelewa upya pale.

Makaratasi sasa. Mwambie muuzaji ajaze fomu V888 aitume DVLA (ofisi ya Uingereza inayosajili magari) aombe kumbukumbu za gari lake, na kama ni za zamani sana jaribu Kithead Trust kule Droitwich, wanatunza mafaili mengi ya usajili wa kale.

Na akikuambia iliwahi kuendeshwa na Jim Clark (dereva wa mbio aliyechukua ubingwa wa Uingereza wa magari ya saluni 1964 na hizi hizi), usicheke, omba tu picha ya enzi hizo namba ya gari ikisomeka, uilinganishe na kumbukumbu za usajili.