Njia ya mafunzo mtandaoni kwa wafanyakazi: anza na kazi yenyewe

Ninaandaa mafunzo ya simu kwa wafanyakazi wa kampuni zinazopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, hapa Moshi. Njia ya kwanza niliyoitengeneza ilikuwa na kurasa nyingi kuhusu ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu akipanda juu ambako hewa ni nyepesi, kisha maswali ya kuchagua jibu. Waongozaji wasaidizi wote walifaulu. Msimu ulipoanza, mmoja wao aliendelea kumpandisha mgeni aliyekuwa akipepesuka, akidhani ni uchovu tu. Mwongozaji mkuu aliwahi, mgeni akateremshwa salama. Kosa lilikuwa langu: nilifundisha mada, sikufundisha kazi.

Hatua ya 1: Andika uamuzi, usiandike mada

Kaa na wakongwe, waulize: msaidizi mpya hukosea wapi? Kisha usiandike "aelewe ugonjwa wa mwinuko". Andika hivi: "Mgeni akipepesuka, msaidizi amtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ateremshwe papo hapo, hata kama ni usiku." Kupepesuka kunaweza kuwa dalili ya ubongo kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka. Sentensi kama hiyo itakuonyesha pia cha kuacha. Kurasa zangu nyingi ziliondoka hapo.

Hatua ya 2: Rudi nyuma kutoka kwenye uamuzi huo

Ili afike pale, lazima aweze nini kwanza? Mimi nilipata vituo vinne: kutambua dalili za kawaida, kama kuumwa kichwa na kichefuchefu; kuzitenganisha na za hatari; kutumia kipima oksijeni cha kidoleni na kuandika namba; na kumwambia mgeni kwamba safari yake imeishia hapo. Hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote. Mgeni amelipa fedha nyingi, anataka kusimama Uhuru, mita 5,895, na msaidizi ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Kipe muda mwingi kuliko vingine.

Mkongwe asilazimishwe kupita kote. Mpe maswali matano mwanzoni. Akiyaweza, avuke kituo. Wapishi na wagumu, yaani wapagazi, nao wawe na njia yao. Mgumu anayebeba kilo 20 huugua mwinuko pia, lakini mara nyingi hunyamaza asije akakosa kazi.

Hatua ya 3: Tengeneza kwa ajili ya simu na bando

Somo lisizidi dakika tano. Moodle ni programu ya bure, na programu yake ya simu humruhusu mtu kupakua somo akiwa na intaneti ya ofisini, akalisikilize kwenye daladala. Rekodi sauti ya mwongozaji mkuu wanayemheshimu. Yako iache.

Hatua ya 4: Uliza kama mlima unavyouliza

Mfano wangu: "Saa tisa usiku, juu ya kambi ya Barafu. Mgeni anasema yuko sawa, lakini amekaa chini mara tatu na anajibu polepole. Wenzake wanataka kuendelea. Unafanya nini, na unamwambia nani kwanza?" Ajibu kwa ujumbe wa sauti. Kusita kwake utakusikia, jambo ambalo maswali ya kuchagua hayakuonyeshi kamwe.

Hatua ya 5: Rudia kwa kuachanisha siku

Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus wa Ujerumani, aliyejipima mwenyewe, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hupotea mapema sana. Kwa hiyo fundisha wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Tuma swali moja kwa WhatsApp baada ya siku mbili, jingine baada ya wiki, na la mwisho kabla ya Juni.

Hatua ya 6: Pima mlimani

Donald Kirkpatrick wa Marekani aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne mwaka 1959: walivyoyapokea, walichojifunza, wanavyofanya kazini, na matokeo. Cheti kinaishia ngazi ya pili. Mimi humpa mwongozaji mkuu fomu ya mistari mitatu ajaze akishuka getini: dalili gani zilionekana, msaidizi alifanya nini, na alichukua muda gani kuamua. Fomu zikionyesha wasaidizi watatu wamesita mahali pamoja, ninarudi kwenye kituo hicho na kukirekodi upya.